Jembe la Kuombea Uraia

Siku ile pale Vwawa tuliohusika tulikuwa watu sita, na nitawataja wote ili asije mtu baadaye akadai naye alikuwepo. Nilikuwepo mimi, Biuti, mwombaji. Alikuwepo mdogo wangu Gifti, aliyevaa tai ya kuazima. Alikuwepo Bibi Nambeye, jirani yetu wa Msangano, shahidi wangu wa kwanza. Alikuwepo Mzee Nzowa wa Igamba, mkulima wa kahawa, shahidi wangu wa pili. Alikuwepo afande wa uhamiaji, mama mmoja mwenyeji wa Tanga, ambaye jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Na alikuwepo Mama Kulwa, mfanya usafi, ambaye hakuitwa na mtu, lakini bila yeye leo ningekuwa nasimulia habari nyingine kabisa. Wa saba lilikuwa jembe.

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, kisimani, kanisani, kwenye mashine ya kukoboa. Kila nikimsimulia mtu kipande, kesho yake nakisikia kipande kilekile kimeota pembe. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo mtanivumilia. Habari za fomu, picha na mihuri naziruka. Hazina ladha hata kidogo na mimi mwenyewe sitaki kuzikumbuka.

Wengi mnajua ya kwetu, lakini wengine mmehamia juzi. Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Zambia, na wadogo zangu wawili pia. Sisi ni Wanamwanga, na mpaka ulipita katikati yetu kama mtu anavyokata mkate: ndugu huku, ndugu kule. Baba alikuja huku kutafuta maisha, kisha akatuleta bondeni Msangano. Nilipofikisha miaka kumi na minne mama alikuwa ameshatangulia, na mwaka huohuo baba akamfuata. Gifti alikuwa na miaka tisa, Memori miaka mitatu. Nikapandisha daftari langu juu ya kenchi ya nyumba, nikashika jembe. Shamba la mpunga alilofyeka baba ndilo lililotulea sote watatu.

Sasa kijiji kinapima mashamba na kuwaandikia watu hati, na asiye raia haandikwi. Mwenyekiti aliniambia kwa upole, "Biuti, mimi nakujua. Karatasi ndiyo haikujui." Nikikubaliwa mimi, shamba litaandikwa kwa jina letu na wadogo zangu watafuata njia hiyohiyo. Nikikataliwa, ekari tatu za baba zinarudi kijijini, na miaka ishirini na tano ya kupandikiza mpunga inakuwa ya kibarua kwenye shamba la watu. Hilo ndilo nililokuwa nalo kifuani safari nzima, hata pale mtakaponiona nacheka.

Msangano hadi Tunduma, juu ya magunia

Kwa Mzee Nzowa kule Igamba si mbali na kwetu ukipandisha mlima moja kwa moja. Lakini mvua ilikuwa imeikata njia hiyo, magari yote yakawa yanazunguka Tunduma. Tukapanda Fuso la mpunga, juu ya magunia, mimi na Bibi Nambeye. Memori alibaki na bata na ufunguo.

Bibi alikuja na mfuko wa nguo, kopo la maji, na kitu kirefu kilichofungwa ndani ya kitenge. Nikakipapasa. Jembe, jipya, na mpini wake.

"Bibi, hili la nini?"

"Lina kazi yake."

Nikajisemea atakuwa anampelekea mkwe wake wa Mlowo. Sikuuliza tena, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili nililifanya Igamba, mtaliona.

Utingo wa Fuso alitaka kulisukuma jembe chini ya magunia lisichome watu. "Bibi, lete hiyo fimbo niiweke chini."

"Ikigusa chini kabla ya kufika," Bibi akamjibu, "na wewe utagusa chini."

Watu wakaangua kicheko, na utingo akatuachia jembe letu. Bibi akalilaza mapajani kama mtoto anayenyonya, na hapo halikutoka mpaka Tunduma.

Mimi nilikuwa na kazi ya kukariri. Nilisikia kwamba ofisini huulizwa mambo ya nchi, basi nikaanza kutaja mikoa kwa sauti, nikihesabu kwa vidole. Mwanzoni ilikuwa siri yangu na Bibi, lakini juu ya magunia hakuna siri. Mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye kofia pana, akawa ananihesabia kwa vifundo vya fimbo yake.

"Umeacha mmoja," akasema.

"Sijaacha."

"Umeacha. Rudia."

Nikarudia. Gari zima likaingia kazini. Katavi ameitaja? Ameitaja. Njombe? Ameitaja. Geita? Mara mbili! Tukautafuta mkoa ule mlima mzima kama mbuzi aliyepotea. Kila mtu ana jina lake, na kila jina tunakuta limeshatajwa. Mpaka gari liliponasa kwenye tope na dereva akashuka kuangalia matairi, ndipo akapaza sauti kutoka huko chini: "Songwe! Mmeukalia!"

Ni kweli. Mimi nilipoacha shule Songwe haikuwepo, tulikuwa Mbeya. Orodha niliyoibeba kichwani ilikuwa ya ukutani darasa la sita; mikoa mipya ya mbali niliiongeza kwa kusikia redioni, wetu wenyewe sikuwahi kuuongeza. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Unaomba kukaa kwenye nyumba ya watu," akasema, "na chumba unacholala umekisahau."

Tope lile lilitushika tangu asubuhi hadi adhuhuri. Tulilima matairi kwa mikono, tukaweka matawi, tukasukuma. Mtu mmoja akaliona jembe la Bibi akanyoosha mkono; Bibi akamwangalia, mkono ukarudi wenyewe. Mwishowe walitutoa wafugaji wenye nira tatu za maksai, vijana wa Kisukuma wanaokaa kule chini Momba. Hawakutaka malipo. Walichotaka ni kupiga picha wakiwa wamesimama juu ya bampa, na dereva katikati akiwa ameshika kamba ya ng'ombe. Picha ikarudiwa mara nne kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa hataki kuangalia mbele.

Tunduma, mji wa watu wanaovuka

Gifti anaziba matairi ya malori Tunduma, na alitupokea akiwa mweusi wa grisi mpaka kwenye nyusi. Foleni ya malori siku ile ilianzia huko tusikokuona ikaishia huko tusikokuona. Madereva walikuwa wamefua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni.

Jambo moja lilinichosha Tunduma. Kila hatua kumi mtu anakuuliza, "Mama, unavuka?" Wabeba mizigo, wabadilisha fedha, vijana wa pikipiki. "Unavuka, mama? Twende, navusha haraka." Mara ya kumi nikasimama nikamjibu mmoja kwa sauti kubwa, "Mimi nilishavuka zamani, sasa naomba kubaki!" Akanitazama, akasema taratibu, "Haya mama, kubaki ni bure."

Gifti alikuwa ametoa amri. "Dada, kuanzia sasa mpaka turudi kutoka Vwawa, hakuna Kibemba cha ng'ambo. Hata neno moja. Utajizoesha vibaya halafu likutoke mbele ya afande." Nikaona ni neno la akili, nikakubali.

Akatupeleka kula chikanda. Ambao hamjaonja: ni mizizi ya porini inayotwangwa na karanga na pilipili, ikaiva ikawa kama mkate wa nyama, ila nyama haimo. Mama muuzaji alikuwa wa ng'ambo, mnene, mchangamfu, na kisu chake kinakata vipande vilivyolingana bila yeye kukitazama. Akainua uso, akanitabasamia, akanisalimia kwa Kibemba.

"Mwapoleni, ba mayo."

"Eya mukwai, mwapoleni," nikajibu, na mikono yangu ikapiga makofi ya heshima kama mama yangu alivyonifundisha.

Gifti akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Dada! Tumekubaliana nini? Hata dakika tano hazijaisha!"

"Mwache," Bibi akasema, mdomo umejaa chikanda. "Ulimi nao una njia zake za panya."

Yule mama alipojua tunakwenda wapi na kwa sababu gani, alituongezea vipande vitatu. Akasema kwa Kiswahili chake, "Nenda dada. Ukishakuwa wa huku, chikanda bado utakula ya kwetu." Hilo nalo halikuwa na ubishi.

Igamba, siku moja ya ndizi

Kwenda Igamba gari linapita Vwawa, penye ofisi ya uhamiaji. Bibi alipoliona bango akaanza kukusanya mizigo.

"Tumefika. Mbona hatushuki?"

"Bibi, tunapita kwanza tukamchukue Mzee Nzowa, halafu tunarudi."

"Tunaipita nyumba ya mwenyeji bila kubisha hodi? Mambo haya!" Akalifunika jembe vizuri zaidi, kama vile Vwawa isije ikaliona kabla ya wakati.

Kule juu ni baridi. Sisi watu wa bondeni tumezoea jua linalokufukuza kivulini, na Bibi alikuja na khanga mbili tu. Tulipofika kwa Mzee Nzowa, Bibi alikuwa amejiviringisha hata tai ya Gifti shingoni.

Mzee Nzowa ndiye aliyempa baba kazi ya kwanza nchi hii, kuchuma kahawa, kabla hajashuka bondeni. Ni mrefu, na huongea polepole, anachagua maneno kama anayetoa kahawa mbovu kwenye nzima. Alitukaribisha chai. Nikashangaa kidogo, miti ya kahawa imezunguka nyumba mpaka dirishani.

"Mzee, kahawa hamnywi?"

"Kahawa ni ya kuuza, mwanangu," akasema. "Ukiionja utaanza kuipenda, na ukiipenda utauza nini?"

Tulipanga kuondoka naye asubuhi. Asubuhi kukawa na msiba, jirani yake wa nyumba ya tatu. Hakuna aliyesema neno la kuondoka, wala sisi hatukulitamka. Mtu haachi jirani hajazikwa akaenda kumtolea ushahidi mtu mwingine. Ushahidi gani huo? Basi tukawa wafiwa. Nilimenya ndizi tangu asubuhi mpaka vidole vikawa vyeusi kuliko vya Gifti. Wanawake wa pale walinikubali haraka, kwa sababu namenya kwa mkono wa kushoto na ilikuwa burudani kwao.

Vijana waliokwenda kuchimba kaburi walipungukiwa na majembe. Mmoja akaliona la Bibi limeegemea paja lake.

"Bibi, tuazime."

"Hili hapana, mwanangu. Hili ni la kuingilia, si la kutokea."

Wazee waliokuwa karibu wakatikisa vichwa kwa heshima, na kijana akaenda kuazima kwingine. Neno lile lingepaswa kunizindua papo hapo. Lakini nilikuwa nimeinama juu ya sufuria la ndizi, moshi machoni, nikalisikia kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Hilo ndilo kosa langu la pili.

Mbozi Mission, nafunzwa kuimba

Siku iliyofuata tuliondoka wanne. Gari dogo tulilopanda likaishiwa maji ya injini karibu na Mbozi Mission, na mvua ikatukimbiza hadi kibarazani kwa kanisa. Ndani kwaya ilikuwa mazoezini. Mimi nikakaa pembeni nikinong'ona ubeti wa pili wa Wimbo wa Taifa, kwa sababu wa kwanza naujua ila wa pili huwa unaniteleza.

Mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni, akanisikia wakati amekuja kufunga dirisha.

"Mama, unaimba nini?"

Nikamweleza. Macho yake yakang'aa kama ya mtu aliyeokota mnofu. Alituingiza ndani wote wanne, akaisimamisha kwaya, na kwa saa nzima mvua ikipiga bati tukaimba Wimbo wa Taifa kwa sauti nne. Mzee Nzowa akapelekwa besi, maana amekuwa mwanakwaya maisha yake yote. Gifti akapewa tenor, sauti ya tatu, akavumilia. Mimi nikasikilizwa kidogo, nikawekwa alto, ile sauti ya pili inayotembea chini ya wimbo wenyewe.

"Una alto nzuri sana, mama," mwalimu akasema. "Shikilia hapo hapo. Usivutwe na mtu yeyote."

Mimi nikiambiwa shikilia, nashikilia. Wenye kunijua mnajua.

Bibi hakuimba. Alikaa benchi la nyuma, jembe mapajani, akatikisa mguu.

Vwawa

Tulifika ofisini mapema. Tulisalimia, tukakaa, nikaitwa.

Afande alikuwa amevaa sare iliyonyooka, miwani puani, sauti ya pwani laini, lakini macho yanaona. Aliuliza mambo ya kwetu, nikajibu. Akauliza mikoa, nikaanza na Songwe. Akatabasamu kidogo. Kisha akasema, "Haya, niimbie Wimbo wa Taifa." Akainuka, akanyoosha mikono, kama inavyopaswa.

Nikaimba. Nikaimba alto.

Nilipomaliza ubeti wa kwanza nikaona paji la uso wake limekunjana. "Mama Biuti, maneno ni yenyewe kabisa. Lakini huu ni wimbo gani?"

Nikajaribu tena, na kwa kuogopa nikashikilia alto kwa nguvu zaidi. Ndipo kutoka kwenye benchi la nje ikaingia besi ya Mzee Nzowa, polepole, kama trekta linalowaka asubuhi. Gifti naye akaingiza tenor yake. Halafu korido ikatoa sauti ya juu, safi, tusiyoijua: ni Mama Kulwa, amesimama wima na fagio ubavuni. Wimbo ukajaa, ukawa wenyewe. Afande alisimama mpaka mwisho bila kupepesa, ila nilimwona anameza kicheko.

"Sasa nimeutambua," akasema. "Mlete shahidi wa kwanza."

Bibi Nambeye akaingia. Hakukaa. Akakifungua kitenge taratibu, akalitoa jembe, akapiga goti moja, akaliweka juu ya meza ya afande, juu ya faili langu, ubapa ukimwelekea yeye.

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa mara moja.

Kwa wazee wa bondeni, mgeni anayeomba kukaa haendi kwa mwenyeji peke yake. Hupelekwa na mtu aliye tayari kumsimamia, na msimamizi huyo ndiye abebaye jembe jipya, lisiloonja udongo. Mwenyeji akilipokea, mgeni ni wa hapo. Akilirudisha, mgeni afungashe. Desturi hiyo niliijua tangu utotoni. Ila kwangu ilikuwa ya kijiji. Haikunijia kichwani kwamba Bibi angeipeleka serikalini.

"Bibi, hiki ni nini?" afande akauliza.

"Jembe."

"Naona ni jembe. La nini?"

"La huyu. Nimelileta kwako umpokee."

Afande akaondoa mikono mezani kama meza imeshika moto. "Bibi yangu, hapa sipokei kitu. Hata karanga. Ukimletea mtu wa ofisi kitu ili akupokelee mtu, hiyo inaitwa rushwa, na itamharibia huyu huyu unayempenda." Akalishika jembe kwa ncha za vidole, akamrudishia.

Bibi alilitazama jembe mikononi mwake. Nimemjua miaka yote hiyo, sijawahi kuona uso wake ukizeeka kwa dakika moja.

"Umemkataa," akasema.

"Sijamkataa, sijamsikiliza hata."

"Jembe limerudi." Akalifunga kwenye kitenge, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mgongo ameupa ofisi.

Mzee Nzowa alijaribu kueleza, lakini kwa vile huchagua maneno, alikuwa bado kwenye salamu afande alipoinua mkono. "Mzee, nimeelewa ni desturi, na siidharau. Lakini sheria ninayoitumikia hainiruhusu. Nahitaji mashahidi wawili. Wewe ni mmoja. Bibi asipozungumza, faili leo halisogei, na wapo watu wengine nje." Akaitazama saa ya ukutani. "Nawapa saa moja."

Nikaenda kukaa ngazini na Bibi. Gifti akasimama nyuma yetu akivuta tai yake kama kamba ya mbuzi.

"Bibi, rudi ndani ukaseme tu."

"Nikaseme nini? Jembe la baba yako alilibeba mume wangu, likapokelewa siku hiyohiyo, wala chai hatujanywa. Leo mimi nimerudishiwa mbele ya watu. Nikirudi ndani nitakuwa namwombea mtu aliyekwisha kukataliwa. Huo ni mkosi, Biuti. Sikuletei mkosi."

Hakuwa anabisha kwa ukaidi. Alikuwa ananilinda, na ukimkuta mtu anayekulinda ndiye mgumu kuliko wote kumsogeza. Nikalifikiria shamba. Nikawafikiria Gifti na Memori wanaosubiri mgongoni kwangu. Halafu nikafikiria jembe lenyewe, maana ndilo nilijualo.

"Bibi, likishaonja udongo wa mwenyeji, bado linaweza kurudishwa?"

"Likishaonja limeonja. Nani hurudisha chakula kilichomezwa? Lakini hapa pote ni saruji, na mwenye nyumba hataki."

"Mimi nina tuta." Alikuwa Mama Kulwa, nyuma yetu, na ndoo ya maji machafu mkononi. "Pale nje ya uzio, la maboga. Mgongo umenishinda kulimalizia."

Bibi akageuka akamkagua kuanzia miguuni. "Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Mimi Msukuma, Bibi. Nimekuja mwaka wa nane huu."

"Ulipokelewa?"

"Nalima hapa, navuna hapa, nagawa majani ya maboga mtaa mzima. Aseme nani sijapokelewa?"

Bibi akafikiri kwa muda ulionitosha mimi kuomba sala mbili. Kisha akalifungua jembe na kunikabidhi.

Nililima tuta lile nikiwa na gauni langu la kitenge cha harusi za watu na viatu vya kuazima, na sijawahi kulima vizuri hivyo. Watu waliokuwa wakisubiri walisogea kutazama. Gifti akang'oa magugu, tai ameitupa begani. Nilikuwa nakaribia mwisho afande alipotokea mlangoni.

"Mama Biuti! Unafanya nini?"

"Namlimia Mama Kulwa tuta lake, afande."

"Ni la ofisi?"

"Ni maboga yangu, afande, mwenyewe unayajua," Mama Kulwa akadakia.

"Na jembe la nani?"

"Langu," Bibi akasema, "na nikimaliza narudi nalo kwangu."

Afande akatazama jembe, akatazama udongo, akamtazama Bibi. Watu wa pwani wana desturi zao pia, nadhani alikumbuka moja. "Basi hapo mimi sina neno. Malizieni mje, saa inakwenda."

Bibi akalichukua jembe, akapitisha kidole kwenye ubapa, akautazama udongo ule mwekundu wa juu, tofauti na wa kwetu mweusi. "Limeonja," akasema. Akaliegemeza ukutani nje, akaingia.

Alichosema ndani nilikisikia kupitia dirishani, na nakiandika kama kilivyo.

"Afande, walipofiwa na baba yao, sisi majirani tulikuja tugawane watoto. Ndivyo tunavyofanya, asife mtu njaa. Mimi nilikuja kumchukua yule mdogo wa mwisho. Huyu akasimama mlangoni na mwiko mkononi, ana miaka kumi na minne, akasema, 'Shikamooni. Hawagawanywi.' Tukarudi kila mtu kwake tumeona aibu. Tangu siku hiyo sijawahi kumpa chumvi asiirudishe. Mimi nilizaliwa hapa, sikuulizwa kama nataka. Huyu anaomba. Kama kuna mtu anayefaa zaidi, mlete nimwone."

Afande akaanza kuandika. Mzee Nzowa alifuata, akazungumza polepole mpaka jua likahama dirisha, na kila neno lilikuwa kahawa nzima.

Kurudi

Tulirudi Msangano, nikasubiri. Mpunga ukachanua, ukainama, tukavuna, bado nasubiri. Simu ilipoita nilikuwa kwenye uwanja wa kupepetea, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilisikiliza, nikasema "Asante afande" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikakaa chini kwenye makapi. Memori akadhani nimepata habari ya msiba.

Nilikwenda kuapa na wadogo zangu wote wawili. Bibi alisema miguu yake imemaliza safari. Njia ya mlimani ilikuwa imekauka, tukapitia Igamba moja kwa moja. Niliapa kwa sauti. Hawakuniomba kuimba, na nadhani haikuwa bahati mbaya.

Tukitoka, Mama Kulwa akatufuata na boga moja kubwa, la mwisho kwenye lile tuta, akamtwisha Memori. Afande alikuwa amesimama kwenye geti.

"Hilo boga linaingia au linatoka?"

"Linatoka, afande."

"Basi piteni."

Shamba limeandikwa. Gifti na Memori wameshaanza safari yao, nami nawaambia kila siku wajifunze sauti ya kwanza. Cheti changu nilimpelekea Bibi. Alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma na mbele, akanirudishia kama mtu anayerudisha risiti.

"Kizuri. Sasa deni lako unalijua?"

Nikamwambia nalijua. Jembe la kuingilia halirudishwi kwa aliyekubebea. Hulipwa kwa kumbebea mgeni mwingine, naye atambebea mwingine. La baba halikulipwa, maana alikufa mapema, na deni la namna hiyo halizikwi na mtu. Kwa hiyo nadaiwa mawili, la kwake na la kwangu.

Moja nimeshalinunua. Liko juu ya kenchi, pale nilipoweka daftari la darasa la sita, limefungwa kwenye kitenge, halijagusa chini. Ninyi mliohamia juzi, kwangu mnapafahamu. Bado sijambebea mtu.